Chenin ya Hombolo ndani ya pipa: ogopa Novemba kuliko mbao

Swali: "Shikamoo mzee. Ni mkulima wa Hombolo, Dodoma. Baba aliniachia ekari moja na nusu ya zabibu nyeupe, Chenin Blanc, na hadi leo tunauza kwa kilo tu. Nimeona video za Wafaransa wa sehemu za baridi wanaochachusha mvinyo mweupe ndani ya pipa la mbao badala ya tangi, na unauzwa bei kubwa. Kaka yangu wa Dar kaniletea pipa la mwaloni lililokuwa na wiski, lita 200. Fundi wa hapa naye anasema atanitengenezea jingine la mninga kwa bei nafuu. Nataka mavuno ya Agosti yaingie humo. Je, zabibu za nchi ya joto kama zetu zinafaa? Nianzie wapi?"

Marahaba, binti yangu. Zinafaa. Ila pipa la kaka yako halifai, la mninga halifai zaidi, na ukifuata kalenda ya hao uliowaona kwenye video utapata siki.

Tuanze na pipa, maana najua limeshakaa sebuleni na majirani wamekuja kulitazama. Lita 200 ndiyo saizi ya mapipa ya wiski ya Marekani. Sheria yao inataka wiski ya bourbon ikae kwenye mwaloni mpya uliounguzwa ndani, kwa hiyo pipa likishatumika mara moja huuzwa, na ndiyo maana yanazagaa dunia nzima. Neno la kuzingatia hapo ni "uliounguzwa". Pipa la mvinyo huokwa taratibu juu ya moto mdogo mpaka mbao ndani zipate rangi ya ganda la mkate. La wiski huwashwa moto mpaka ndani kuwe mkaa mtupu, na mbao zake zimekunywa pombe kali kwa miaka. Mvinyo mweupe hauna pa kujifichia. Utauweka humo mwezi mmoja na kila atakayeuonja atakuuliza umechanganya na nini.

Na tafadhali, usije ukawasha kiberiti cha salfa ndani ya pipa hilo kwa nia ya kulisafisha, hata kama umeona watu wa mvinyo wakifanya hivyo. Mvuke wa pombe kali uliobaki kwenye mbao unaweza kushika moto na kulipuka usoni kwako.

Mninga ni mti mzuri wa kitanda. Umewahi kuona ukikatwa? Unatoa utomvu mwekundu kama damu, na hiyo ndiyo rangi unayotaka kuipa Chenin yako. Mwaloni mweupe una jambo ambalo mbao nyingi hazina: vijimirija vya ndani vya mti huzibika vyenyewe mti unapokomaa, kwa hiyo ubao wake unashika maji, na tanini zake, yaani ule ukakasi wa mti, mvinyo unazivumilia. Wafaransa huupasua kwa kufuata mshipa wa mti badala ya kuukata kiholela, kisha huuacha nje kwenye mvua na jua miaka miwili hadi mitatu ili ukali upungue, ndipo fundi auguse. Hayo yote fundi wako hawezi kuyafanya kwa bei nafuu.

Tafuta pipa lililowahi kuhifadhi mvinyo mweupe mara tatu au nne, lita 225. Jipya la mwaloni wa Kifaransa hukaribia euro 1,000 hukohuko linakotengenezwa, kabla ya meli na bandari. Pipa moja linajaza chupa 300, kwa hiyo kila chupa ya mwaka wa kwanza inabeba zaidi ya euro tatu za mbao peke yake. Ningekuwa na hela hiyo ningenunua mashine ya kupooza. Na hapa sisemi pipa kuukuu kwa sababu ya ufukara tu. Kwa Chenin ya Dodoma ni bora kuliko jipya, na sababu utaiona.

Umeziita zabibu zako za nchi ya joto. Asili yake siyo hiyo. Chenin Blanc ni mtoto wa bonde la mto Loire, Ufaransa, kwenye Vouvray na Savennières, latitudo 47 kaskazini, ambako huvunwa kuanzia mwisho wa Septemba na wakati mwingine hadi Novemba, watu wakiwa wamevaa makoti shambani. Usiku wa baridi unaitunzia ukali wake. Zabibu ina asidi mbili kubwa, ya tartariki na ya maliki. Ya maliki ndiyo ile ya tufaha bichi, na ndiyo mmea unayoichoma kama kuni joto likizidi. Kwenye baridi inabaki. Kwetu, zabibu ikiachwa mpaka iwe tamu kama wanunuzi wa mezani wanavyoipenda, sukari ipo na ukali umekwenda, na mvinyo wake unakuwa kama chai iliyopoa.

Hicho ndicho watu wa baridi wanacho, na pipa linajengwa juu yake. Mbao, mashapo (hamira iliyokufa na kutulia chini) na muda huongeza unene na ulaini. Mvinyo wenye ukali unapokea unene huo na kusimama vizuri. Usio na ukali unalala chali. Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kulinda asidi, na pipa lije baadaye.

Bahati yako ni kwamba tuna mavuno mawili kwa mwaka. Ya Februari na Machi huivia kwenye mvua; vishada vya Chenin vimebanana, maji yakiingia katikati huoza, na ubwiri, ule ukungu wa mizabibu, unajua njia ya shamba lako kuliko wewe. Hayo peleka kwenye tangi, utengeneze mvinyo wa kunywewa mapema, au uza zabibu. Ya Agosti huivia kipupwe. Tupo zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai huku hushuka hadi nyuzi 13 au 14. Loire haifanani na hapa, lakini zabibu inapumua.

Sasa kalenda, ambayo ndiyo hasa iliyonifanya nikuandikie kirefu. Mtu wa Loire anaingiza juisi pipani Oktoba. Inachacha, halafu baridi inaingia, na mvinyo unalala juu ya mashapo yake miezi sita kwenye handaki lenye nyuzi kumi hivi bila yeye kugusa swichi. Wewe utaingiza Agosti. Utachacha vizuri, usiku ungali wa baridi, halafu inakuja Oktoba, Novemba, miezi ya joto kali kuliko yote Dodoma. Majira yanakugeuka wakati ambapo mvinyo unahitaji utulivu. Namfahamu mtu aliyefuata kitabu cha Kifaransa neno kwa neno, akaacha pipa lake kwenye stoo ya bati mpaka Krismasi. Krismasi tulilifungua pamoja. Harufu ilitutoa nje kabla hatujachukua glasi.

Kwa hiyo jipangie hivi: pipa linaingia mwanzoni mwa Agosti na linatoka mwisho wa Oktoba, wiki kumi au kumi na mbili basi, isipokuwa kama una chumba chenye kipoozeo. Wiki hizo zinatosha kwa kazi iliyo muhimu zaidi, ambayo hufanyika wakati wa kuchacha kwenyewe.

Watu wengi hawaamini nikiwaambia kwamba mvinyo uliochachia pipani huwa na ladha ya mbao kidogo kuliko uliochachia kwenye tangi kisha ukahamishiwa pipani. Lakini ndivyo ilivyo. Hamira ikiwa hai huigeuza vanila inayotoka kwenye mwaloni kuwa kitu ambacho karibu hakina harufu, na maganda ya hamira hunasa sehemu ya tanini na kushuka nayo chini. Unapata unene bila kulamba ubao. Ukileta mvinyo uliokwisha tayari ukaumwaga kwenye pipa jipya, hakuna wa kuzuia. Vanila yote inakuja. Na kwa muda wetu mfupi wa wiki kumi, pipa jipya lingekuachia mbao mbichi ambazo hazijapata wakati wa kuungana na kitu. Ndiyo maana nikasema kuukuu.

Kuhusu zabibu zenyewe: anza kupima mapema, si siku ya kuvuna. Nunua refraktometa, ya kupima sukari, na kipima pH cha mfukoni, cha kupima ukali; pH ikishuka, ukali umepanda. Vyote viwili havifiki bei ya mbuzi mzuri. Nenda shambani kila baada ya siku mbili, chuma punje mia kutoka mistari tofauti, juu na chini ya vishada, kamua, pima. Vuna sukari ikiwa nyuzi 20 hadi 21 za Briksi, kipimo cha sukari ya juisi, ambayo inakupa kilevi cha asilimia 12 hivi, na pH isizidi 3.3. Majirani watakwambia bado. Waache. Vuna alfajiri kwa taa, weka kwenye kreti za kina kifupi, na saa mbili asubuhi uwe umeshakamua.

Kamua vishada vizima na vikonyo vyake, taratibu, bila kuviponda kwanza. Kilo 400 zitakupa karibu lita 250 za juisi. Kabla haijatulia, weka metabisalfaiti ya potasiamu, unga wa salfa wa kulinda juisi: unataka miligramu 40 za salfa kwa lita, na kwa kuwa unga ule una salfa asilimia 57 tu, kwa lita 250 pima gramu 17 au 18. Kama pH imekuja 3.4 au 3.5, huu ndio wakati wa kuongeza asidi ya tartariki, gramu moja hadi moja na nusu kwa lita, ambayo hushusha pH kwa takriban 0.1 au kuzidi kidogo. Usisubiri mvinyo uishe kuchacha ndipo ukumbuke. Asidi iliyoongezwa mwishoni huonekana kama kiraka.

Juisi itulie usiku mmoja kwenye baridi. Kama huna tangi la kupooza, gandisha maji kwenye chupa za lita moja na nusu, zioshe vizuri nje, zizamishe. Chupa 30 kwa lita 250 zitakufikisha asubuhi. Usisubiri iwe angavu kabisa. Ikiwa kama maji ya mwisho ya kuoshea mchele, inatosha. Hamira inahitaji ukungu kidogo wa kula.

Hamira iwe ya mvinyo, si ile ya mandazi. Ya mandazi huchoka njiani na kukuachia sukari nusu. Gramu 25 kwa kila lita 100, iamshe kwenye maji safi ya nyuzi 38 kwa dakika 20, halafu mwagia juisi kidogo kidogo mpaka joto likaribiane. Ukiitupa moja kwa moja kwenye juisi baridi, nusu itakufa. Chakula chake pia: ukisikia harufu ya mayai viza siku ya tatu, hamira ina njaa ya naitrojeni. Weka virutubisho vya hamira mapema, maana ukichelewa harufu hiyo ina tabia ya kubaki.

Anzishia kwenye tangi. Siku ya pili, povu linapoanza kupanda, hamishia pipani, na hapa nisikilize. Mwaka wangu wa kwanza nilijaza pipa mpaka shingoni kwa sababu nilidhani pipa ni la kujazwa. Nilivyofungua mlango alfajiri, povu lilikuwa limeshuka pande zote mbili mpaka sakafuni, na sisimizi walikuwa wamepanga foleni kutoka dirishani hadi kwenye tundu la kizibo, foleni nyeusi pana kama mkanda. Lita kama kumi na tano zilikwenda hivyo. Weka lita 185 au 190 tu kwenye pipa la 225. Zilizobaki zichachie pembeni kwenye chombo cha chuma cha pua, ndizo utakazojazia baadaye.

Sasa joto. Kila nyuzi moja ya Briksi ikichacha inatoa joto la kupandisha juisi karibu nyuzi 1.3 kama joto halitoki. Briksi 21 ni zaidi ya nyuzi 27. Ukianza na 18 ungefika 45, na hamira ingekufa muda mrefu kabla ya hapo. Kwa bahati pipa ni dogo, linatoa joto kupitia mbao zake. Lengo lako ni lisivuke nyuzi 22, au 24 likizidi sana. Na hapa upepo wa Dodoma, ule unaotujaza vumbi machoni, unageuka rafiki: fanya kama mtungi. Tundika magunia ya katani yaliyolowa kwenye dirisha la upande wa upepo, mwagia sakafu maji, fungua usiku na funga saa tatu asubuhi. Siku mbili tatu za kuchacha kwa nguvu unaweza kulivika pipa lenyewe gunia bichi. Usiliache limevikwa wiki nzima, ukungu utaingia kwenye mbao.

Hewa iingie, hilo si la hiari. Lita moja ya juisi hutoa karibu lita 50 za hewa ya ukaa. Zako zote zitatoa mita za ujazo 12, zinazokaa chini kwa kuwa ni nzito. Usilale humo kulinda pipa, na mtoto asiingie peke yake.

Sukari ikiisha, baada ya wiki mbili au tatu, jaza pipa pomoni kwa mvinyo wa pembeni na uzibe. Kisha utafanya jambo ambalo Wafaransa wengi wa Burgundy, sehemu nyingine ya baridi, hawafanyi. Wao husubiri bakteria waigeuze asidi ya maliki kuwa ya laktiki, ile ya maziwa, kwa sababu asidi yao imezidi na wanataka ishuke. Huko ndiko inakotoka harufu ya siagi. Wewe huna asidi ya kutupa. Gramu moja ya maliki hubaki gramu 0.67 za laktiki, tena laini zaidi. Kwa hiyo mara sukari ikiisha weka salfa, miligramu 50 kwa lita, na endelea kupooza chumba. Ukichelewa wiki mbili na joto letu, bakteria hawatakuomba ruhusa.

Usimwage mashapo. Ni hamira iliyokufa, inaachia vitu vinavyoupa mvinyo unene na inakula oksijeni inayopenya kwenye mbao. Vitabu vinasema ukoroge kwa fimbo kila wiki. Mimi kwa hapa sipendi, maana kila ukifungua kizibo unaingiza hewa ya moto. Bingirisha pipa kwenye kitako chake, kizibo kikiwa kimebanwa, mara moja kwa wiki, inatosha. Siku hiyohiyo jazia kilichopungua. Kwenye hewa kavu kama yetu maji hupenya mbao haraka kuliko kilevi, kwa hiyo utajazia kila wiki na usishangae.

Mwisho wa Oktoba, hamisha kwa mpira kwenda kwenye tangi lililojaa au chupani. Pipa tupu usiliache siku hata moja. Likikauka mbao zitaachana na pete zitaanguka. Lijaze maji yenye gramu mbili za metabisalfaiti na gramu moja ya asidi ya sitriki kwa kila lita, lingoje. Na usishawishike kuingiza mvinyo mwekundu wa Makutupora kwa muda. Ukishatia nyekundu, mweupe haurudi humo.

Kama pipa kuukuu la uhakika halipatikani mwaka huu, usilazimishe. Chukua vipande vya mwaloni wa Kifaransa uliookwa, gramu mbili kwa lita, vitie kwenye tangi la chuma siku ya hamira. Wenye majivuno watakucheka, lakini hamira haijui tofauti kubwa kiasi hicho, na utajifunza zabibu zako kwa gharama ndogo. Pia acha kuiga mvinyo wa Burgundy kwenye video zako. Angalia Chenin ya Swartland, Afrika Kusini: nchi kavu, jua kali, mizabibu mizee, na mapipa mengi ya zamani. Wale ndio ndugu zetu.

Ukifika kwenye kuuza, TBS (Shirika la Viwango Tanzania) na leseni ya pombe vinakuja kabla ya lebo nzuri.

Na pipa la kaka yako? Mwambie asante, usimwambie niliyoyasema. Likate katikati kwa msumeno, toboa matundu chini, weka udongo na samadi. Pilipili zinakaa humo vizuri sana.